Siku Mia Tatu na Hamsini: Makao ya Mashabiki wa Mpira Mtwara

Ligi Kuu ya Tanzania Bara ikiwa na timu 16, kila timu hucheza michezo 30 kwa msimu, na nusu yake, yaani michezo 15, huchezwa nyumbani. Mwenye kuondoa 15 katika 365 hubakiwa na siku 350, na siku hizo ndizo zinazoamua kama klabu ina makao ya kweli au ina mahali pa kukutania tu. Hisabu hii ni nyepesi wala haihitaji karani. Lakini aghalabu viongozi wa klabu zetu, na sisi mashabiki pamoja nao, tumezihesabu zile 15 peke yake, tukazipamba, tukazipigia ngoma na kugombana kwa ajili yake, na zile 350 tukaziacha nje kama jamvi lililosahauliwa baada ya karamu.

Nakusudia kulichunguza suala hilo nikiwa Mtwara, katika mwambao unaoteremka kutoka Mikindani hadi Msimbati na mlango wa Mto Ruvuma. Sikuuchagua mwambao huu kwa mapenzi tu, ingawa mapenzi ninayo, bali kwa sababu yaliyotupata hapa yamelifanya suala hili kuwa la haja. Timu yetu, Ndanda, ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2014/15, ikaishi humo misimu sita, ikashuka mwisho wa msimu wa 2019/20, msimu ule ule ambao Namungo ya Ruangwa, kwa jirani zetu wa Lindi, ilikuwa ikicheza ligi hiyo kwa mara ya kwanza. Mji uliozoea kuwapokea Simba na Yanga uwanjani kwake ukajikuta unawatazama kwenye kioo. Timu ikishuka, siku zisizo na mechi kubwa huongezeka mpaka zikawa karibu mwaka mzima, na hapo ndipo hudhihirika kama mashabiki walikuwa na nyumba au walikuwa na tiketi.

Hoja yangu naiweka mwanzoni ili msomaji aipime njia nzima. Wengi huuliza: tufanye biashara gani pale klabuni siku ambazo hakuna mpira? Mimi naona swali hilo ni la pili. La kwanza ni hili: nani ana haki ya kuingia pale siku ya Jumanne, na nani ameaminiwa ufunguo? Lisipojibiwa hilo, biashara yoyote itakayowekwa itakufa, au itaishi kwa kuwatoa nje wale wale ambao mahali pale palijengwa kwa jina lao.

Makao ya mashabiki kwetu yako ya namna tatu: uwanja, jumba la klabu, na banda.

Uwanja wa Mtwara ni Nangwanda Sijaona, uliopewa jina la Lawi Nangwanda Sijaona, mwanasiasa wa TANU aliyepata kuwa waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Kama viwanja vingi vya mikoani ni mali ya Chama cha Mapinduzi, na mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, viwanja vya namna hii vilibaki mikononi mwa chama. Simtaji mwenye mali ili nimlaumu. Namtaja kwa kuwa umiliki ndio msingi wa jambo lenyewe. Klabu katika uwanja huo ni mpangaji, na mpangaji hapandi mnazi uani, kwa kuwa mnazi huchukua miaka kuzaa naye hana yakini kwamba siku ya kuangua atakuwapo. Siku zisizo na mechi uwanja hupokea sherehe za kitaifa, mikutano, na michezo ya wanafunzi, UMITASHUMTA na UMISSETA, ambayo Mtwara imepata kuwa mwenyeji wake. Haya yote ni mema, lakini ni makubwa na ya nadra; hayaijazi Jumanne. Tena majani ya uwanja yanataka mapumziko, hasa kuanzia Desemba hadi Aprili wakati wa mvua, ambapo kila mguu unaokanyaga hulimega eneo la kuchezea. Kwa hiyo uwanja utatumika siku za kawaida kwenye kingo zake na si katikati: fremu za maduka zinazotazama barabara, vyumba vya chini ya jukwaa, na njia ya pembeni kwa vikundi vya mbio za asubuhi, ambavyo huamka mapema kuliko wauza magazeti na havihitaji zaidi ya lango lililo wazi na bomba lenye maji.

Namna ya pili, jumba la klabu, mfano wake mashuhuri uko Dar es Salaam. Yanga iliasisiwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, hii ya pili ikipita katika majina kadhaa hata ikaitwa Simba mwaka 1971. Makao ya Yanga yako kwenye makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani, na ya Simba katika Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Na wazee wa klabu zote mbili hukumbuka msaada wa Sheikh Abeid Amani Karume katika kuyapata majengo hayo. Nyumba hizo hazikuzaliwa na mpira peke yake. Kabla yake mwambao ulikuwa na vyama vya ngoma, na beni pamoja na vyama vyake vya Marini na Arinoti ilikuwa na vyeo, sare na ada. Mwanachama alipofiwa, chama kilisimama naye mazikoni kama kilivyosimama naye ngomani. Klabu za mpira zilirithi desturi hiyo: barazani watu walikaa, wakapeana habari za kazi, wakachangiana harusi na matanga, na mpira ulikuwa ni mojawapo ya mambo waliyoyafanya pamoja. Chini kwenye fremu maduka yalipangishwa, na kodi ikawa riziki ya kila mwezi. Wala mahali penyewe hapakosi mtihani: uwanja wa Kaunda, uliopo kwenye makao ya Yanga, umekuwa ukizamishwa na maji ya bonde la Msimbazi, jambo linalotufundisha kwamba nyumba ya klabu ni ardhi kwanza kabla ya kuwa rangi na nembo.

Ughaibuni wako waliolifikisha jambo hili mbali. Al Ahly ya Cairo, iliyoasisiwa mwaka 1907, ni klabu ya mpira ambayo pia ni mahali pa familia: wanachama huja na watoto wao kuogelea, kucheza michezo mingine na kukaa bustanini, na wengine hufika siku zote za juma pasina kuuliza ratiba ya ligi. Kule Buenos Aires, River Plate ina skuli ndani ya uwanja wake, na mtoto anayesoma hesabu chini ya jukwaa hana haja ya kusubiri Jumapili ili aone kwamba pale ni kwao. Sisemi Mtwara ijenge mabwawa ya kuogelea, ilhali bahari iko mlangoni. Nasema klabu hizo zilimjibu kwanza mwanachama wa Jumanne, na mapato yakafuata haki yake ya kuingia.

Sasa nije kwenye namna ya tatu, ambayo ndiyo yetu hasa, na hapa nitakaa kitako.

Banda, au kwa jina la mtaani kibanda umiza, liko Magomeni, liko Chikongola, liko Majengo, liko Mikindani, na ukienda hadi vijiji vya wavuvi vya Msimbati utalikuta. Kuta zake ni mabati au makuti. Mabenchi ni mbao zisizo na egemeo, ambazo pamoja na joto na msongamano zimelipatia jina lake. Turubai limezuia mwanga. Ungo wa kunasia matangazo umefungwa juu ya mti. Na mlangoni pameegeshwa ubao wa chaki wenye majina ya timu mbili, saa, na kiingilio. Hapo ndipo tawi la Simba au la Yanga hukutana, na hapo ndipo mpenzi wa Ndanda aliyekosa nauli ya kuifuata timu yake ugenini hukaa na simu sikioni. Pita hapo Jumatatu asubuhi: mlango una kufuli, benchi zimeinamishwa, na ubao bado unatangaza mechi ya jana. Ubao ule hunisikitisha kuliko kufuli, kwa maana kufuli hueleza kwamba hakuna mtu, ila ubao hueleza kwamba hakuna neno la kuwaambia watu.

Alasiri moja Mikindani, nikipita kwenye nyumba za mawe, nilimkuta mzee barazani na mwenzake wakicheza bao. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Akajibu, "Marahaba, mjukuu wangu. Kama umefuata mpira, leo hakuna." Nikamwambia sikufuata mpira, napita tu. Akasogea kidogo kunipisha, akasema, "Basi kaa. Mpira una siku yake; kukaa ni kila siku." Ubao wa bao una mashimo 32 na kete 64, hauli umeme, haudaiwi ada ya king'amuzi, na watu wawili wakicheza hukusanya kumi wa kutazama na kushauri. Baraza ile haikuwa na mtaji, lakini ilikuwa na kitu ambacho banda limekikosa: mtu aliyepita alijua kwamba hatafukuzwa.

Mtu atasema, basi fungueni milango kila siku, jambo limekwisha. Halijaisha, kwa sababu mwambao huu hauendi kwa kalenda ya ligi, bali kwa kalenda nne nyingine, na anayetaka banda liishi sharti azisome zote.

Ya kwanza ni ya korosho. Minada hufunguliwa Oktoba na kuendelea mpaka mwisho wa mwaka au kuvuka kidogo. Tangu msimu wa 2007/08, mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza Mtwara, mkulima hupeleka mzigo wake kwa chama cha msingi, akapewa stakabadhi, akasubiri mnada wa chama kikuu, MAMCU au TANECU, ndipo fedha impate. Kwa hiyo fedha huja kwa mkupuo, na kuanzia Machi huwa chache, mpaka Juni na Julai, wakati wa kupulizia mikorosho salfa. Tawi linalodai ada ya mwanachama kila mwezi hulia mwaka mzima. Linaloidai ya mwaka mzima mwezi Novemba hupokea bila ugomvi.

Ya pili ni ya bahari. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali na wavuvi wa miguu, wanawake wengi miongoni mwao, huenda mwambani kutafuta pweza. Maji mafu yanapofika, muda wa kukaa na kushauriana hupatikana. Kusi ikivuma kwa nguvu, mitumbwi midogo hubaki pwani na vijana hushinda bila kazi. Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na hifadhi ina mikutano mingi na wavuvi. Mikutano hiyo yahitaji paa na mabenchi, vitu ambavyo banda linavyo na ofisi ya kijiji aghalabu haina vya kutosha.

Ya tatu ni ya dini: Ramadhani husogea nyuma takribani siku 11 kila mwaka, na katika mwezi huo mahali pa mchana hufungwa kwa heshima, pakafunguliwa baada ya tarawehe. Ya nne ni ya mila: jando na unyago, ambazo hufuata kiangazi na likizo za skuli, wakati ambao ligi nayo imepumzika. Anayepanga mambo ya banda pasipo kuzitazama kalenda hizi atawaita watu siku ambayo watu hawapo, kisha aseme kuwa watu wa Mtwara hawana mwamko.

Tukizifuata kalenda hizo, matumizi ya banda hujipanga yenyewe. Asubuhi moja katika mwezi hupewa wauguzi wa huduma ya mkoba, mama wakaja na watoto kupimwa uzito na kuchanjwa chini ya kivuli badala ya jua. Siku moja katika juma hupewa kikundi cha kuweka na kukopeshana, yaani VICOBA. Mchana fundi cherehani huweka meza yake pembeni kwa kodi ndogo. Alasiri ni ya bao, karata na kahawa. Na magharibi taa huwashwa kwa wanafunzi ambao nyumbani hawana nafasi ya kusomea. Mkoa huu, ambao gesi yake ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 na kuwasha taa za watu wa mbali, unastahili mtoto wake asome penye mwanga.

Na tuweke hisabu mezani, kwa mfano tu. Tuseme banda huonyesha mechi kubwa 30 kwa mwaka, kila moja ikiwaingiza watu 60 kwa shilingi 500: pato ni shilingi 900,000. Tuseme tena kwamba siku 300 za kawaida hupita watu 20 tu, na kila mmoja akaacha shilingi 200 kwa kikombe cha kahawa au kuchaji simu: hizo ni shilingi 4,000 kwa siku, na 1,200,000 kwa mwaka. Gharama zimo pande zote mbili, wala sizifichi. Lakini mfano huu watosha kuonyesha kwamba fedha ndogo ya kila siku si makombo ya fedha kubwa. Haba na haba, waliokuja kabla yetu walikwisha kusema.

Zipo hoja tatu dhidi ya mpango huu, nazo zinastahili kujibiwa kwa insafu.

Hoja ya kwanza yahusu ushabiki wenyewe. Tawi likiwa la Simba, mwenye jezi ya njano na kijani hatatia mguu, na mtaa utagawanyika nusu kwa nusu hata kwenye chanjo ya watoto. Jawabu ni kuweka mpaka wa siku na kuulinda: siku ya mechi rangi zitawale, siku ya kawaida rangi zibaki mlangoni pamoja na viatu.

Hoja ya pili yahusu michezo ya kubahatisha. Mashine za kamari na vibanda vya kubeti huleta fedha ya kila siku upesi zaidi kuliko kahawa, na mwenye banda aliyebanwa na ada ya king'amuzi na bili ya umeme hana budi kuzifikiria. Naielewa dhiki yake. Lakini fedha hiyo hutoka katika mifuko ya vijana wale wale ambao kusi imewakalisha pwani. Banda linalowanyang'anya mashabiki wake Jumanne lisitegemee kuwaona wakishangilia Jumapili.

Hoja ya tatu ni ya sheria na malezi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, inadai kibali kwa maonyesho ya hadhara, na wazazi wana haki ya kuhofia watoto wanaokesha mabandani. Hapa naona kwamba matumizi ya mchana ni kinga: mahali ambapo mama huja asubuhi na mzee hucheza bao alasiri, uovu wa usiku hukosa pa kujificha, kwa kuwa mtaa mzima unapajua ndani.

Nimerudi basi kwenye ufunguo. Nilipata kuliona tawi moja, sitalitaja, lililokuwa na jengo zuri, kioo kikubwa na wanachama wakarimu, likafa ndani ya mwaka mmoja pasipo kukosa mtaji: fedha zilikuwa katika mfuko wa mtu mmoja, ufunguo katika mkono wa mtu huyo huyo, naye aliposafiri, jumba likasafiri naye. Nami nilichanga, nikanyamaza, na kimya changu kilikuwa sehemu ya msiba.

Dawa yake tunayo, wala hatuna haja ya kuiagiza. Tazama kisanduku cha VICOBA: kina kufuli tatu, na funguo tatu zimekaa kwa wanachama watatu ambao si watunzaji wa kisanduku; hakifunguki mpaka wote watatu wakutane, na fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya kikundi, kila mtu akisikia. Wanawake wa mitaa yetu wamelinda akiba zao kwa adabu hiyo, huku klabu zenye katiba na mihuri zikivurugana juu ya mapato ya getini. Na tazama wakfu, ambao mwambao umeujua kwa karne nyingi: mali iliyowekwa wakfu haiuzwi wala hairithiwi, ina mutawalli anayeitunza na kutoa hesabu, na manufaa yake ni ya waliotajwa, wawe hai leo au wazaliwe kesho. Banda la mashabiki lisimamiwe kwa moyo wa mambo hayo mawili: ardhi iandikwe kwa jina la wadhamini, si la mwenyekiti, ufunguo ugawanywe kati ya tawi, wazee wa mtaa na kikundi cha wanawake, na hesabu isomwe hadharani kila mwezi. Ndipo fundi cherehani atathubutu kulipa kodi ya miezi sita, muuguzi ataandika siku yake kwenye daftari la zahanati bila wasiwasi, na mkulima wa korosho atatoa ada yake ya Novemba akijua itakuwapo Aprili.

Mashabiki wa Ndanda hujiita Wana Kuchele, na kuchele kwa Kimakonde ni kumekucha. Timu yao inaweza kupanda tena, inaweza kukawia. Hilo li katika miguu ya wachezaji na majaliwa ya Mungu. Lakini kukicha hakungoji ligi. Asubuhi ya Jumanne mtu mmoja kati ya watatu aje na ufunguo wake, wenziwe wamfuate, wafute kwenye ubao mechi ya juzi, kisha waandike kwa chaki: saa tatu kliniki, saa nane VICOBA, saa kumi bao, saa moja usiku masomo, kiingilio, hakuna.